Uso wa Nane

Mama mkwe ndiye aliyetia kiberiti, na wala hakujua. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake sebuleni, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili kiasi kwamba watu aliwaona kama vivuli, vyeusi au vyeupe, vinavyopita nyuma ya pazia. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayetaka kujua kama chai imeiva:

"Yule mwanamke mweupe aliyepita jikoni asubuhi ni nani?"

Mkaza mwanawe alikuwa anaosha vikombe. Mkono ukasimama ndani ya maji. Akauliza mweupe vipi.

"Mweupe tu. Alikuja, akafungua kabati, akachukua kitu, akatoka. Hata salamu hakunipa. Nikasema huyu ni nani tena ameingia kwa watu bila hodi?"

Asubuhi ile mkaza mwana alikuwa ametoka mara moja kwenda kununua mkaa. Mara moja tu, si zaidi. Alisimama pale na kikombe mkononi akipiga hesabu, na hesabu za wivu zina ajabu moja: huwa hazikosi jibu. Mwanamke mweupe mtaa ule alikuwa mmoja, naye alikuwa na duka lake la cherehani ukuta kwa ukuta na studio ya mumewe.

Mumewe alikuwa mpiga picha. Watu wakimwita Tulia, kwa sababu hilo ndilo neno alilowaambia wote kabla ya kubonyeza: tulia, bwana; tulia, mama; mtoto, tulia. Naye mkewe walimwita Nane. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa kwenye cheti cha ndoa, na huko ndiko lilikobaki.

Hilo la Nane lilikuwa na asili yake. Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaingia, Tulia alimkalisha mkewe kwenye kiti cha picha, akamsogezea kipima mwanga karibu na shavu, akangoja mshale wa kile kidude usimame kwenye namba. Namba hiyo ndiyo iliyomwambia afungue tundu la lenzi kiasi gani. Tundu likiwa kubwa mno, filamu hulewa mwanga. Likiwa dogo mno, hushinda na njaa. Na hesabu yenyewe ina kichekesho chake, maana namba ikipanda tundu ndiyo kwanza linapungua. Kwa mwanga wa dirisha lile kubwa, lililopakwa chokaa nyembamba ili jua lisiingie kwa ubabe, shavu la mkewe lilitoa nane. Wiki ya kwanza ya ndoa nane, mwaka uliofuata nane, na baada ya hapo Tulia akawa hasomi tena namba, anamwita mtu. Akija mteja mweusi kuliko mkewe, alilifungua tundu kidogo. Akija mweupe, alilibana. Hakupenda kuwasogezea wateja kidude usoni, kwa kuwa mtu akisogezewa kitu shavuni hukunja uso, na uso uliokunjwa mwenyewe hukataa kuulipia.

Kwa hiyo mji mzima, maharusi na mahakimu, wezi wa vitambulisho bandia na watoto wa komunyo, ulikuwa umepigwa picha kwa uso wa mwanamke mmoja. Nane alilijua hilo na alijivunia. Hakuwa na duka, hakuwa na mtoto, na shule aliiachia njiani. Lakini kiti kile kilikuwa chake.

Sasa tuseme ukweli kuhusu yule jirani. Aliitwa Sindano, kwa wembamba wake na kwa maneno yake, ambayo yalichoma yakitaka na yalishona yakitaka. Alikuwa ameachika, alikuwa anacheka kwa sauti, na alimwita Tulia "shemeji" kwa namna iliyomfanya Nane asikie sukari ikimwagika sakafuni. Mwaka huo alikuwa ameshonea studio pazia jipya la nyuma ya kiti, na Tulia, badala ya kumlipa, akampiga picha moja kubwa. Ilitoka nzuri. Tatizo ni kwamba ilitoka nzuri mno, Tulia akaiweka kwenye kioo cha mbele, wapita njia wawe wanaiona, kisha akasimama barabarani na mikono kiunoni akaitazama.

"Uso wake unaupokea mwanga," alisema.

Maneno matano hayakufika. Lakini Nane aliyabeba hadi nyumbani, akalala nayo, akaamka nayo, na siku iliyofuata alikwenda kwenye duka la vipodozi upande wa pili wa soko akanunua krimu ya kung'arisha. Aliihamishia kwenye kopo tupu la dawa ya kusafishia picha, akalificha kabatini jikoni nyuma ya chumvi. Akawa anapaka usoni, shingoni na mikononi, kila asubuhi, kisha anangoja. Alingoja mumewe aseme neno. Wanawake wa sokoni walisema umependeza, mwenzetu, unatumia nini. Mumewe hakusema kitu. Kioo cha nyumbani kilikuwa kidogo, na anayejitazama kila siku hajioni akibadilika, kwa hiyo Nane aliamua kwamba krimu ni ya uongo, akaendelea kuipaka kwa hasira.

Halafu Tulia akaacha kumwita Nane.

Haikuwa siku moja. Kwanza lilipungua, kisha likakatika. Asubuhi alimkalisha kitini, akasogeza kidude, akakitazama kwa muda mrefu kuliko zamani, akakitikisa, kisha akasema "haya" na kumwacha ainuke. Nyumbani akawa anamwita "wewe". Kuna wanawake wanaoitwa wewe maisha yao yote na wakazeeka kwa amani. Nane hakuwa amezoea.

*

Mkuu wa chuo cha wauguzi alikuja mwenyewe na bahasha. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, wa kuongea chini chini, na wapole wa namna hiyo ndio wanaoogopesha. Kila mwaka wahitimu wake walipigwa picha pale, nyeusi na nyeupe, mmoja mmoja, na kutundikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa chuo pamoja na waliotangulia. Nyuma yake alisimama binti mmoja mrefu, mweusi wa kung'aa, aliyeshika kofia yake ya uuguzi kwa mikono miwili.

Mkuu alitoa picha moja akaiweka juu ya kaunta. Akauliza kwa upole kabisa:

"Huyu ni nani?"

Tulia aliinama. Gauni jeupe lilionekana, kila mkunjo. Kofia ilionekana. Katikati ya gauni na kofia palikuwa na giza, na ndani ya giza palikuwa na meno.

"Ni... ni binti huyu."

"Unamjua kwa sababu amesimama mbele yako. Wengine ni afadhali kidogo, lakini wote wamezama. Huyu amepotea kabisa."

Wateja waliokuwa kwenye benchi walinyoosha shingo. Mmoja alitaka kucheka, akakikohoa kile kicheko. Binti mwenyewe hakulalamika. Alisema tu, akiwa anatazama kofia, kwamba baba yake ameitazama picha hiyo akamuuliza kama na yeye yumo.

Tulia aliomba radhi, akaomba tena, akasema atawapiga wote upya bila malipo. Alionekana mdogo ndani ya shati lake. Mkuu wa chuo akasema sawa, Jumamosi, na kwamba kule mtaa wa juu wamefungua duka la picha za rangi na wanamtumia salamu kila juma. Ukuta wake haukuwa na rangi tangu chuo kijengwe na asingependa kuanza leo, lakini zikiharibika tena ataanza.

Nane alikuwa nyuma ya kaunta muda wote huo. Walipotoka, aliingia ndani akachukua filamu za wale mabinti, akaziinua dirishani. Yeye ndiye aliyesafisha picha zote za studio ile. Mumewe alipiga, yeye akaingia chumba cha giza. Filamu alizisoma kuliko barua, ingawa wiki hizo, akili ikiwa kwa Sindano, alizisafisha bila kuzitazama. Na hizi zilikuwa nyembamba, zimekonda, mwanga unapita ndani yake bila kukutana na kitu. Zimeshinda njaa. Mpigaji alikuwa amelibana tundu, kama mtu aliyedhani mbele yake kuna mwanga mwingi kuliko uliokuwepo.

Na kwa nini adhani hivyo? Kwa sababu alipima uso mweupe. Uso mweupe hurudisha mwanga mwingi, mshale unapanda, fundi anasoma kumi na moja badala ya nane, anabana. Kisha anakaa mtoto wa watu mweusi kwa tundu la mweupe, anabaki meno.

Akazitoa za wiki iliyopita, nazo zilikuwa hivyo hivyo, na za wiki ya kabla yake pia. Nane aliziweka mezani moja juu ya nyingine, na moyo wake ukawa kama maji yanayochemka yamefunikwa. Wengine hugundua kwa unywele kwenye koti, wengine kwa manukato. Yeye aliletewa ushahidi kwa filamu, na wala haukuwa na shaka yoyote. Asubuhi anamkalisha yeye kwa ajili ya kumridhisha. Yeye akishaingia chumba cha giza, anakalishwa mwingine.

*

Alimuuliza wakati wa chakula cha mchana, mama mkwe akiwa amekwisha kwenda kujinyoosha.

"Unampima nani siku hizi?"

Tulia alisema anampima yeye, nani mwingine.

"Mimi ni nane. Zile filamu ni za kumi na moja."

Tulia alilirudisha tonge sahanini. Kisha akasema huenda kipima kimezeeka. Kilikuwa cha marehemu aliyemfundisha kazi, vitu vinachoka, atakipeleka kwa fundi wa redio akitazame. Alisema yote hayo bila kumtazama usoni, na hilo Nane aliliona kuliko alivyoyasikia maneno.

Kwa fundi wa redio alikwenda kweli. Lakini siku ya pili yake Nane, akiwa amesimama mlangoni na ufagio, alimwona akitoka duka la Sindano na kifurushi kidogo kwapani. Alikuwa anatabasamu. Ilikuwa muda mrefu hajamwona akitabasamu. Alipovua koti nyumbani, Nane alilipekua bila aibu, akakuta kipande cha kitambaa kizito cha kijivu, kimekatwa vizuri na kupindwa ukingo. Si shati, si leso, si kitu cha mwanamume. Kitambaa cha mfano, aliamua, cha gauni. Wanashauriana rangi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia mama mkwe siku hiyo, akimchambulia mchele. "Sasa kama kikulacho chenyewe ni fundi wa nguo, utaponea wapi?"

Kikongwe alicheka, akasema kweli, mwanangu. Kisha akasema yule mgeni mweupe amepita tena leo. Nane akauliza saa ngapi. Asubuhi, alisema mama mkwe. Alisimama pale kabatini, akawa anajipangusa pangusa usoni, akatoka haraka.

Nane aliuweka ungo chini. Kwa hiyo sasa anakuja mpaka kujipodoa ndani ya nyumba ya mwenzake.

*

Jumamosi mabinti walikuja makundi mawili, weupe kwa magauni, wanong'onaji, na mkuu wao akakaa kwenye benchi na mkoba juu ya mapaja. Yule binti mrefu alikuwa kundi la kwanza. Tulia alimwambia mkewe aingie mapema akachanganye dawa. Hakumkalisha kitini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu waoane, na hakusema hata kwa nini. Alisema tu, dawa, dawa iwe tayari.

Nane aliingia, akachanganya dawa, akasikia kule nje: tulia, binti, kidevu juu, tulia. Baadaye mlango ukagongwa, mkono wa mumewe ukampitishia filamu ya kundi la kwanza. Akafunga. Akazima hata ile taa nyekundu, kwa sababu filamu yenyewe haivumilii taa ya rangi yoyote mpaka iingie kwenye mkebe wake. Akaufungua mtungi mdogo wa filamu gizani, akaanza kuizungusha kwenye kigurudumu kwa vidole, polepole, anavyojua.

Ukuta kati ya chumba kile na studio ulikuwa wa mbao. Akasikia sauti ya Sindano.

"Shemeji, kinateleza. Ngoja nikibane."

"Kidogo kulia. Hapo. Usiguse tena."

Pakawa kimya. Nane alijua kimya hicho. Ni kimya cha mshale unaopanda, fundi amezuia pumzi. Alikisikia kila asubuhi ya ndoa yake akiwa amekaa kitini, shavu kwenye mwanga. Kisha akamsikia mumewe, kwa sauti ile ya zamani, sauti ambayo alidhani imekufa:

"Nane."

Vidole vikasimama.

"Nane kabisa," Tulia alisema huko nje, akacheka kwa furaha. "Nane yangu hiyo. Imerudi."

Kama kuna mtu ambaye angebaki gizani akaendelea kuzungusha filamu, basi ana moyo wa chuma. Nane alitafuta kitasa akakivuta. Mlango ukafunguka wote, mwanga wa mchana ukamwingia machoni na ukaingia na mle ndani, naye akatoka na filamu ikining'inia mkononi kama utumbo.

"Nane ni mimi," alisema. "Umempaje jina langu?"

Mabinti wote waligeuka. Kitini hapakuwa na mtu. Mgongo wa kiti ulikuwa umefunikwa kitambaa cha kijivu, na Sindano alikuwa amesimama nyuma yake na pini mdomoni. Tulia alikuwa ameinama mbele ya kitambaa kile na kipima mwanga mkononi. Hakumtazama mkewe usoni wala hakutazama kiti. Alitazama filamu.

"Zimeungua," alisema polepole.

Mkuu wa chuo aliuliza zipi.

"Za kundi la kwanza, mama. Zote."

Yule binti mrefu aliigusa kofia yake, akaivua. Mtu mwingine angenyamaza hapo. Lakini Nane alikuwa ameshalifungulia bomba, na aibu haikuwa imemfikia bado. Alimgeukia Sindano, akamwambia: mume amekuachia kiti sawa, jina sawa, lakini jikoni kwangu ulifuata nini? Kwenye kabati langu ulikuwa unajipaka nini asubuhi yote, mbele ya mama mkwe asiyeona?

Sindano alizitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye ukosi wake. Alikuwa na maneno makali tayari, ilionekana. Akayameza.

"Dada, jikoni kwako sijawahi kuingia. Huyu mumeo alikuja dukani kwangu na kidude chake, akaanza kupima vitambaa vya kijivu kimoja kimoja, hiki kimezidi, hiki kimepungua, mpaka wateja wangu wakadhani amerukwa na akili. Anatafuta nane, anasema. Nikamwambia, nane si unayo nyumbani? Akanyamaza."

Nane alimtazama mumewe. Akamuuliza kwa nini mtu atafute kwenye kitambaa kitu alichonacho kitandani. Tulia akasema waingie ndani wakazungumze. Alisema hivyo mara mbili.

"Hatuingii ndani. Nipime."

Alikaa kitini, mbele ya kitambaa, akageuza shavu dirishani kama alivyogeuza siku zote.

"Nipime, Tulia. Wanione wote."

Tulia alisogea. Mshale ulipanda, ukasimama. Nane akangoja. Akauliza ngapi. Mumewe akamtazama Sindano, Sindano akatazama barabarani. Ndipo Nane akamshika kifundo cha mkono, akakigeuza kile kidude mpaka akakisoma mwenyewe.

Kumi na moja.

"Kibovu," alisema.

"Nilidhani hivyo. Fundi wa redio amekifungua, anasema kizima. Nikapima uso wa mama, uko palepale pa siku zote. Nikapima mkono wangu, nikapima ukuta. Kila kitu kipo palepale, ila..."

Mkuu wa chuo, ambaye kazi yake ilimfundisha kuisoma ngozi ya mtu, alikuwa ameviona vifundo vya vidole vya Nane, vilivyobaki vyeusi juu ya mkono uliong'aa. Nane siku zote alisema ni dawa za picha. Mkuu alivitazama, kisha akayatoa macho akayapeleka kwenye mkoba wake. Na ni heshima ile, zaidi ya namba, iliyomfikisha Nane mahali ambapo asingeweza tena kurudi nyuma. Mwanamke mweupe aliyepimwa kila asubuhi. Mwanamke mweupe aliyefungua kabati, akajipangusa usoni, akatoka haraka bila kumsalimia mzee. Alikuwa amemsaka kwenye filamu, kwenye koti, nyuma ya ukuta wa mbao, na muda wote huo alikuwa anatembea naye.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje?" Tulia alisema kwa sauti ndogo. "Ningesema uso wako umeniharibia kazi? Nikaona heri nitafute kitambaa."

"Kwa hiyo uliona."

"Niliona tangu mwanzo. Nikasema akitaka nijue, ataniambia."

"Nilitaka uone, useme."

Picha ya Sindano ilikuwa kwenye kioo cha mbele, inatazama barabarani, haina habari. Mkuu wa chuo alifunga mkoba wake, ule mlio mdogo ukasikika studio nzima, akauliza bila ukali kama mwanga bado upo wa kutosha au awapeleke mabinti mtaa wa juu.

Tulia akasema mwanga upo. Akamwambia mkewe ainuke, akinyooshe kitambaa.

Nane hakuinuka. Alifungua kishikizo cha mkono wa gauni, akaupandisha, ukapita kiwiko, akaendelea kuupandisha mpaka karibu na bega. Krimu ilikuwa imeishia chini ya kiwiko. Pale ilipoishia palikuwa na mpaka, na juu ya mpaka palikuwa na mtu mwingine. Mabinti waliona. Mmoja alichekea kiganjani, na yule mrefu akamkata jicho mpaka akanyamaza. Aliona vibaya, aliona vibaya sana, akiwa na mkono wa rangi mbili mbele ya watoto wa watu na mbele ya mwanamke aliyemchukia mwaka mzima bila kosa. Lakini mkono hakuushusha.

"Pima hapa," alisema.

"Kitambaa kipo, mke wangu. Si lazima."

"Kitambaa kinateleza. Pima."

Tulia alikisogeza kidude juu ya kiwiko. Ikawa kile kimya. Mshale ukapanda kidogo, ukaona haya, ukasimama.

"Nane," alisema, na mkewe hakujua kama anasoma namba au anaita.

"Haya," alijibu. "Mfungulie kidogo zaidi huyu binti. Aanze yeye."

*

Filamu za siku ile zilitoka zimeshiba. Nane alizisafisha zote mwenyewe, mlango umefungwa, na ile ya binti mrefu aliiinua dirishani ikiwa bado inadondoka maji. Paji la uso lilikuwepo, mashavu yalikuwepo, hata kovu dogo la nyusi. Baba yake angemwona. Kisha alikwenda nyumbani akalichukua lile kopo nyuma ya chumvi, akalimwaga shimoni, akaliosha kwa mchanga. Asidhani mtu kwamba alikuwa mtakatifu ghafla: alipopita mbele ya kioo cha studio jioni hiyo, picha ya Sindano bado ikiwa pale, alisonya. Kitambaa cha kijivu nacho kilibaki kwenye kiti, kimebanwa pini, kwa kuwa kazi ni kazi na uso ulikuwa bado haujarudi.

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake. Nane aliingia, akapiga magoti karibu naye kuliko kawaida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umenikumbuka." Kikongwe akageuza macho yake meupe kuelekea sauti, akatazama muda. "Na yule mwanamke mgeni? Mbona bado namwona humu ndani?"

"Yupo, mama. Ataondoka."

"Lini?"

"Taratibu. Hawezi kuondoka siku moja."

Mama mkwe aliitika kwa kichwa, akalitafakari hilo. Kisha akasema basi akiondoka aage, maana alikuja bila salamu. Nane akasema atamwambia.